Alipima safari ya ndege kwa uzi, mwanawe akakuta mama amezikwa

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, ukungu bado umelala juu ya Tukuyu. Mlima Rungwe hauonekani kabisa, na hata paa la soko, hatua hamsini tu kutoka hapa, linaonekana nusunusu. Asajile Mwakifuna anafungua kufuli la kibanda chake cha simu na kufuta kiti cha wateja kwa kiwiko cha koti. Hajakaa, mteja wa kwanza amekwisha simama mlangoni, kanga imelowa hadi magotini.

Ni Atupele, mkulima wa migomba kutoka Kisondela. Ameondoka kwao gizani, kwa miguu. Baba yake amefariki jana jioni.

"Mwalimu, wazee wamenituma," anaanza, kisha anakumbuka adabu na kupiga goti kidogo, akimsalimu kwa Kinyakyusa. "Ugonile, tata."

"Ee, ndaga. Pole sana, mwanangu. Kaa kwanza."

"Kaka yetu Jotham yuko Moscow tangu mwaka themanini na sita. Jana kwa mchungaji tulimpata kwenye simu, amesema anapanda ndege leo. Wazee wanauliza atafika lini. Wanataka kupanga siku."

Asajile haulizi zaidi. Anainama chini ya meza na kutoa tufe la dunia la shule, limebonyea upande wa Australia kama sufuria lililoanguka. Anatoa na uzi mweusi wa kushonea viatu wenye mafundo. Kila fundo ni mwendo wa ndege wa saa moja. Anaubana uzi Moscow kwa kidole gumba, anauteremsha juu ya tufe hadi Dar es Salaam, anahesabu kwa midomo.

"Mafundo manane kasoro kidogo," anasema. "Hizo ni saa za hewani tu, kama angeruka moja kwa moja. Hataruka moja kwa moja. Atashushwa mahali, atasubiri, atapandishwa nyingine. Kisha kuna basi la Dar mpaka huku."

"Kwa hiyo niwaambie saa ngapi?"

"Usiwaambie saa. Waambie Mwalimu amekataa kutoa saa. Wasichimbe mpaka wamwone Jotham kwa macho yao."

Atupele anashangaa. Sifa aliyoisikia Kisondela ni kwamba mzee huyu hutoa hata dakika. "Lakini mwalimu, watu wamekwisha jaa pale nyumbani. Watakula nini siku zote hizo?"

"Migomba ya Kisondela imekwisha lini?" anajibu, na tabasamu linapita usoni mwake na kutoweka. "Wale ndizi. Nenda, mwanangu. Msubirini."

Anapoondoka, Asajile anabaki ameukunja uzi kwenye kiganja. Ukutani nyuma yake kuna msumari, na kwenye msumari unaning'inia uzi mwingine, mrefu zaidi, wenye vumbi. Huo haugusi. Anasema anauacha pale ili kila asubuhi umtazame.

Asajile ana miaka hamsini na minane. Ni mzaliwa wa Kyimo, na kwa miaka kumi na tisa alifundisha jiografia na hesabu katika shule ya msingi. Mwaka 1994, watumishi wa serikali walipopunguzwa, jina lake lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Ulikuwa wakati ambao kila mtu aliimba soko huria. Tukuyu ilipata mitumba, redio za bei rahisi na vibanda vya simu, na walimu kama yeye wakapata barua ya kushukuriwa.

"Walinishukuru vizuri sana," anasema kwa uchungu. "Barua ilikuwa na mihuri miwili."

Kiinua mgongo kilitosha kibanda, meza na laini moja ya simu. Dakika moja ya kupiga Ulaya leo ni zaidi ya shilingi elfu tatu, mikungu kadhaa ya ndizi ikiyeyuka mtu akiwa bado anauliza habari za wazima. Kwa hiyo watu husema mambo mawili tu: nani amefariki, na lini utafika.

Hilo la pili ndilo lililomfanya Asajile kuwa mtu maarufu. Watoto wa Rungwe wametawanyika, kwa masomo, kwa kanisa, kwa ndoa, kwa bahati. Huku nyumbani mazishi hayana maana bila mtoto wa kwanza kutupa udongo wa kwanza. Basi wazee wakawa wanakuja kibandani na kuuliza: kutoka Lusaka ni muda gani? Kutoka Bombay? Kutoka London?

Mwalimu alikuwa na jibu. Alikuwa ameondoka shuleni na ramani ya ukutani ya dunia, kubwa kama shuka la kitanda. Katika kitabu cha hesabu cha darasa la saba mlikuwa na swali la ndege inayokwenda kilomita mia tisa kwa saa. Akachukua uzi, akaupiga mafundo kwa kipimo kilichoandikwa chini ya ramani, kila fundo kilomita mia tisa. Ukiweka uzi toka mji hadi mji, unahesabu mafundo, umepata saa.

Na ilifaa! Mtoto wa Lusaka alifika kama ilivyosemwa. Wa Bombay hivyo hivyo. Wa London aliwahi kidogo, wazee wakasema amebarikiwa upepo. Watu wakaanza kusema "uzi wa Mwalimu" kama wanavyosema mizani ya soko.

"Nilivimba kichwa," anakiri. "Nitafichaje? Serikali ilisema sifai, na hapa wazee wa ukoo hawazikani bila mimi. Ungekuwa wewe usingevimba?"

Machi 1997 zamu ikawa yake.

Mkewe Ikupa alianguka jikoni Jumapili jioni, akafa kabla gari halijapatikana. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Lusungu, muuguzi, aliyekwenda Kanada mwaka 1992 kusoma kwa msaada wa kanisa na kupata kazi huko huko katika mji wa Edmonton. Asajile mwenyewe ndiye aliyeizungusha simu kumpa habari. Anasema hakuwahi kuona simu ikiwa nzito namna ile.

Jumatatu jioni Lusungu alipiga. Mvua ilikuwa inamwagika na sauti ilikuwa inakuja na kwenda.

"Baba, nimepata tiketi. Ndege inaondoka huku leo, kwenu itakuwa saa saba usiku. Nashukia Amsterdam, halafu Dar. Baba, msimzike mama kabla sijafika. Unanisikia?"

"Nakusikia. Utafika Dar saa ngapi?"

Radi ikapiga. Laini ikafa, na ilibaki imekufa hadi Jumanne mchana. Kufikia hapo Lusungu alikuwa angani.

Asajile hakuhangaika. Kwa nini ahangaike, ana uzi wake? Alibaki pale pale kibandani mvua ikinyesha, akawasha kandili, akaubana uzi Edmonton. Ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kupima, na yote ilikuwa juu, kaskazini ya ramani. Edmonton hadi Amsterdam, mafundo kumi na manne na nusu. Amsterdam hadi Dar es Salaam, tisa na nusu. Jumla saa ishirini na nne za hewani. Akaongeza nne za kusubiri Amsterdam.

Kwa hesabu hiyo Lusungu angetua Dar Jumatano saa kumi na moja alfajiri. Apange foleni ya pasipoti, angoje mzigo, basi la saa kumi na mbili limekwisha ondoka. Usiku mabasi hayatembei, na ndege ya Mbeya siku hizo ilikuwa ya kubahatisha. Angelala Dar, apande basi la Alhamisi, afike Alhamisi usiku. Mazishi Ijumaa.

Aliyaandika hayo kwenye karatasi, akayapigia mstari kwa rula, akawapelekea wazee waliokaa migombani.

Wazee wakatazamana. Chumba cha maiti cha karibu hakikuwa na jokofu. Kwa baridi ya Kyimo mwili ulikuwa umestahimili vizuri, ungeweza kufika Alhamisi asubuhi. Ijumaa, hapana. Wakasema azikwe Jumatano saa kumi jioni.

Mtu mmoja tu alibisha. Ni Andrea, mdogo wake Asajile, muuza mbegu sokoni, mtu asiyejua Kanada iko upande gani.

"Kaka," alimwambia, "tungoje hata Alhamisi asubuhi. Huwezi kujua."

"Siwezi kujua?" Asajile alimjibu mbele ya watu wote. "Nimefundisha jiografia miaka kumi na tisa, leo wewe wa mbegu za mchicha unaniambia siwezi kujua? Tumtese marehemu bure kwa sababu yako?"

Andrea akanyamaza. Kwa kaka mkubwa unanyamaza. Jumatano saa kumi Ikupa akazikwa kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Udongo wa kwanza, uliokuwa wa Lusungu, aliutupa baba yake.

Saa moja na nusu jioni gari likasimama barabarani.

"Nilisikia mlango wa gari," anasimulia Asajile. "Nikajua. Mguu wa mwanao unaujua. Alikuja mbio na begi begani, akaona wanawake wanaosha masufuria, akasimama. Masufuria yakioshwa, mambo yamekwisha."

Lusungu alikaa juu ya udongo mbichi na koti lake la Kanada. Alikaa muda mrefu. Kisha akauliza, bila kulia: "Nani amesema nisisubiriwe?"

Akina mama wakainamisha vichwa. Andrea ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Baba yako alipima."

Alikuwa ametua Dar Jumanne saa mbili usiku. Saa tatu, kutoka uwanja wa ndege, alipiga kibandani mara tatu kusema amefika na atapanda basi la alfajiri. Simu iliita, ikaita. Kibanda kilikuwa kimefungwa, kwa kuwa mwenye kibanda alikuwa msibani kwake.

Asajile anasita kabla ya kusema alichomwambia binti yake jioni ile. Anageuza tufe taratibu, Afrika inapita, bahari inapita.

"Nilimwambia, 'Ndege yenu ilikuwa na haraka, mwanangu.' Ndivyo nilivyosema. Mtoto amekaa juu ya kaburi la mama yake, mimi namlaumu rubani! Aliniangalia tu. Baada ya siku mbili akaondoka. Hakuaga."

Kwa zaidi ya mwaka mmoja Asajile aliendelea kuamini maneno yake mwenyewe. Kila aliyemuuliza alimwambia ndege ile ilikwenda mbio kupita kawaida. Ukweli aliletewa na mteja.

Fulgence ni kijana wa Bukoba, mwalimu wa jiografia wa sekondari aliyepangiwa Tukuyu. Siku moja mwaka jana alikuja kupiga simu kwao, akaona ramani na uzi, akauliza ni vya nini. Asajile akamweleza kwa fahari iliyobaki. Kijana akacheka, kisha akaona mzee hacheki.

"Mwalimu, samahani," alisema Fulgence. "Hii ramani imevutwa. Dunia ni duara, karatasi ni bapa. Ukimenya chungwa ganda halikai sawasawa mezani, lazima ulivute juu na chini ndipo likae. Tazama Greenland hapa, kubwa kama Afrika. Kweli inaingia ndani ya Afrika mara kumi na nne. Kwa hapa kwetu katikati uzi wako ni sawa. Ukipanda kaskazini unakudanganya."

Kesho yake alimletea tufe lililobonyea, ambalo shule ilikuwa inalitupa. Wakapiga mafundo kwenye uzi mpya kwa kipimo cha tufe. Asajile akasema kwanza wapime Edmonton.

Edmonton hadi Amsterdam, mafundo manane. Amsterdam hadi Dar, manane. Jumla kumi na sita, si ishirini na nne.

"Nilimpa mkono, nikamshukuru, akaenda zake," anasema Asajile. "Nikafunga mlango. Saa nane za bure, ndugu mwandishi! Saa nane ambazo hazikuwepo duniani, niliziumba mimi kwa uzi wa viatu. Na zile nane zikazaa siku nzima, kwa sababu basi ni moja tu kwa siku. Na unajua kinachoniuma zaidi? Miaka kumi na tisa nimewachora watoto ubaoni, nimewaambia dunia ni duara, nimewapiga fimbo waliosahau. Siku ya siku nikaipima kama shuka."

Ramani aliichoma. Uzi wa zamani akautundika msumarini.

Wapo wanaomuuliza kwa nini haachi kupimia watu. Anasema hata akiacha watakuja tu, na akikaa kimya watamwendea mwenye kalenda ya ndege ukutani. Afadhali waje kwake wapate jibu analotoa sasa, ambalo ni moja kwa wote: subirini.

Mwenyewe ameshaweka la kwake. Amemwandikia mchungaji karatasi na kumpa Andrea nakala: akifa yeye, kaburi lisichimbwe mpaka Lusungu ashuke Tukuyu, na mtu yeyote asithubutu kupima.

"Nilimuuliza, na asipokuja?" anasema Andrea, ambaye amepita kibandani na kilo moja ya mbegu begani. "Akaniambia, basi mtakaa sana. Nikamwambia kaka, utanuka. Akasema ninuke."

Asajile hacheki. "Ninuke," anarudia.

Lusungu hajakata mawasiliano kabisa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa kumi na moja jioni, huko kwake ikiwa asubuhi akitoka zamu ya usiku, anapiga simu. Anapiga hapa hapa kibandani, maana ndiyo namba anayoijua. Lakini hampigii baba yake. Husema, kwa sauti ya mteja, "Naomba kuongea na baba mdogo Andrea." Kisha hukata, ili dakika zisimlie fedha bure, na kupiga tena baada ya robo saa, Andrea akiwa ameitwa kutoka sokoni. Asajile hutoka nje na kusimama mvuani au juani mpaka wamalize.

Imekuwa hivyo kwa miaka miwili. Anapokea simu, anaisikia sauti ya mwanawe kwa maneno sita, anaijibu kwa moja. Na tangu tufe lifike hajamwambia habari zake. Kwa Lusungu, mpaka leo, baba ni mtu aliyeilaumu ndege.

"Nimejaribu," anasema. "Sikuweza kusema 'nimekosea' mbele ya wazee. Mbele ya mtoto ndiyo kabisa."

Leo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano Asajile hana mteja, na amewafukuza wawili waliokuja. Amevaa koti lake la kanisani. Andrea yuko sokoni kama kawaida. Ukungu umerudi, na mama mmoja anapita na mkungu kichwani akimsalimu mzee, mzee haitikii.

Simu inalia. Anaiacha ilie mara mbili.

"Haloo."

"Habari za jioni. Naomba kuongea na baba mdogo Andrea."

Hapa ndipo yeye husema "Haya," na laini hukatwa. Leo hasemi haya. Ameshika ukingo wa meza.

"Lusungu," anasema. "Usikate. Ndege yenu haikuwa na haraka. Ilikwenda kama ndege zote. Mimi nilipima vibaya. Nilipima kwenye karatasi. Andrea alisema tungoje mpaka asubuhi, mimi ndiye niliyekataa. Ungemkuta mama yako. Nimekosea mimi, mwanangu."

Waya unavuma. Huko mbali kabisa, kilomita elfu kumi na nne kwa njia ya ndege, mlango unafungwa na gari linapita. Asajile amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

"Baba mdogo amefika?" Lusungu anauliza.

"Bado. Sijamwita bado. Kata, utapiga tena baada ya robo saa."

"Nitasubiri," anasema Lusungu.

Asajile anamwashiria muuza karanga wa mlango wa pili akamwite Andrea. Kisha anasimama pale pale na simu sikioni, haweki mezani, hatoki nje. Mara moja anasikika Lusungu akipenga kamasi. Dakika zinakwenda, za gharama ile ile ya kuyeyusha ndizi, na hakuna anayezitumia.

Dakika ya tisa Andrea anaingia akihema, mikono imejaa vumbi la mbegu. Asajile anampa simu, taratibu, kama anayempa mtoto mchanga, na kwenda nje.

Anapenga kamasi kwa leso, anakunja leso, anatazama upande ambao mlima ungekuwepo kama si ukungu.

"Mwezi ujao," anasema, "nitamwambia Andrea achelewe."